Namba ya Nchi Mbili

"Nne na sitini!" Mika alipayuka kutoka ng'ambo. "Mita nne na sentimita sitini! Alhamisi ileile, saa kumi na mbili asubuhi!"

Inspekta Faustina aliandika huku daftari amelilaza kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa amesimama kwenye tope la upande wa Tanzania, viatu vimelowa. Shahidi wake alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga wa upande wa Malawi. Katikati yao ulipita Mto Lusungwa, na mwezi huu wa Juni ulikuwa umepungua, hauzidi hatua thelathini kwa upana.

"Una hakika na hiyo namba?"

"Nilisoma kwa tochi, afande. Maji yanapanda huku nayaona. Magogo yanapita, mtamba wa ng'ombe umepita miguu juu."

"Vuka basi uje uniandikie maelezo."

Mika akacheka, ila cheko lake halikuwa la furaha. "Jana nilivuka kuja kununua chumvi huko kwenu. Juzi nilivuka kuja msibani. Nikivuka kama Mika hakuna neno. Nikivuka kama msoma mto, nikaandika karatasi ya polisi wa Tanzania bila wakubwa zangu kujua, kesho sina kazi. Vuka wewe!"

Kwa Faustina ilikuwa vilevile. Angevuka kama Mhehe wa Ipogolo aliyekuja kutembea, angekaribishwa ndizi. Angevuka kama mpelelezi, pangekuwa na barua kutoka wizara hadi wizara. Kwa hiyo shahidi muhimu kuliko wote katika kesi ya mauaji alikuwa anahojiwa kwa kupigiana kelele, na hakuna mahakama ambayo ingepokea ushahidi wa namna hiyo.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Kwenye kona hii ya mto, kila upande, palisimikwa ubao wenye mistari ya kupimia kina cha maji. Kila nchi iliajiri msoma mto wake, na kila siku, asubuhi na jioni, msoma mto alishuka, akasoma ubao, akaandika kitabuni. Vitabu vyote viwili vilikwenda kwenye ofisi ya Mpango wa Pamoja wa Bonde la Lusungwa, mjini Mbeya, ambako wahandisi wa nchi mbili walikuwa wakipanga mabwawa, mifereji na mahali pa kuhamishia watu.

Msoma mto wa upande huu aliitwa Asukile. Alhamisi moja ya mwezi Machi alishuka alfajiri, hakurudi. Jumamosi alikutwa amenasa kwenye matete, mwendo wa saa moja chini ya kona, na kichwa chake kimepasuka nyuma. Pembeni ya ubao wa kupimia polisi wa wilaya waliokota fimbo ya mchungaji, na fimbo ikatambuliwa kuwa ya Makoye Masunga.

Makoye alikuwa Msukuma aliyehamia milimani huku na ng'ombe wake baada ya wafugaji kuondolewa na serikali kwenye bonde la Usangu. Siku mbili kabla ya hiyo Alhamisi, ng'ombe hao waliuangusha ubao, na Asukile alipokuwa anausimika upya alimtukana Makoye mbele ya watu. Makoye akajibu kwa hasira, "Hilo libao lako litakuja likuue!" Kijiji kizima kilisikia, na kijiji kizima kilikwenda kusema. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mwezi wa tatu sasa Makoye alikuwa mahabusu, na kila Faustina alipofika kazini alimkuta Yunisi, mkewe, amekaa getini kuulizia.

Kujitetea kwa Makoye kulikuwa na neno moja tu: maji. Alisema alishuka kunywesha mifugo, akakuta mto umefurika ghafla. Akamwona Asukile ameng'ang'ania nguzo ya ubao. Akamnyooshea fimbo, Asukile akaikamata, gogo likaja, likampiga kisogoni. Fimbo ikabaki, mtu akaenda. Makoye akakimbia, maana nani angemsadiki mfugaji mgeni?

Wanakijiji walisema hapakuwa na mafuriko yoyote. Ni kweli hawakuyaona, kwa sababu siku hiyo wote walikuwa msibani ng'ambo ya kilima, na mvua ilinyesha milimani juu, siyo kijijini. Maji ya namna hiyo hushuka kwa saa mbili, yakaondoka. Faustina alikuwa ameona majani makavu yaliyonasa kwenye tawi la mkuyu, juu kuliko kichwa chake. Akayapiga picha. Wakili wa Serikali, Shedrack, aliitazama picha ile akamuuliza, "Haya majani yameandikwa tarehe?"

Ndiyo maana namba ya Mika ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Nne na sitini maana yake Makoye alisema kweli.

"Nikuulize tena!" Faustina akapaza sauti. Koo lilianza kumkereketa. "Asubuhi zote ulikuwa unasoma wewe?"

Mika akatikisa kichwa. "Asubuhi ilikuwa ya Asukile. Mimi jioni."

"Sijaelewa. Kila nchi si ina kitabu chake?"

"Vitabu viwili, afande, lakini mto si mmoja? Tulipoanza, kila mtu alikuwa anaandika ya kwake. Mimi naandika moja na tisini, yeye moja na themanini na nne. Yanakuja magari mawili, bendera mbili, tunagombezwa kama watoto wa shule. Nani kadanganya? Nani kalala? Tukaona isiwe tabu. Asubuhi anasoma yeye, ananipigia kelele, naandika. Jioni nasoma mimi, nampigia kelele, anaandika. Miaka mitatu hakuna gari lililokuja. Tulisifiwa hata kwenye mkutano."

Faustina aliinamisha uso asije akaonekana anacheka. Mawaziri walikuwa wamehangaika miaka kumi na moja kupata maelewano, na hawa wawili waliyapata kwa kelele za asubuhi na jioni. Halafu swali likamjia, na cheko likakatika.

"Kama asubuhi ilikuwa ya Asukile, wewe Alhamisi ile ulifuata nini mtoni?"

"Ngurumo ya maji iliniamsha. Nikaja, nikaita. 'Gwe Asukile! Ngapi leo?' Nikaita mpaka sauti ikakauka. Huko kwenu giza, sioni mtu." Mika alijifuta uso kwa kiganja. "Basi siku hiyo nikaandika ya kwangu mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mitatu."

"Kitabu kiko wapi?"

"Walikuja kukichukua mwisho wa mwezi. Kiko Mbeya kwenye ofisi yenu ya pamoja. Kaulize huko!"

Faustina alikuwa ameshauliza. Wiki tatu nyuma alituma barua rasmi, yenye mhuri na namba ya jalada, kuomba kina cha mto cha Alhamisi ile kithibitishwe kwa maandishi, na nakala kwa Wakili wa Serikali kama sheria inavyotaka. Majibu yalikuwa tayari kuchukuliwa leo. Alichotaka kwa Mika ni kujua tu barua itasema nini. Sasa alijua, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alijisikia mwepesi.

Kabla hajapanda kilima alifungua begi, akatoa nakala ya kitabu cha Asukile. Alikuwa ameipitia mara nyingi akitafuta ugomvi, vitisho, jina la Makoye. Sasa alitazama Alhamisi. Asubuhi, saa kumi na mbili: 1.82. Jumatano jioni: 1.82.

Alisimama palepale njiani. Saa kumi na mbili ile Asukile alikuwa ameshachukuliwa na maji au anachukuliwa. Na kitabu chenyewe, kile halisi kilichokuwa kwenye kabati la vielelezo, kilikuwa kikavu, kurasa zimenyooka, hakina hata doa la tope. Kwa hiyo hakikuwahi kushushwa mtoni. Asukile alikuwa akishika namba kichwani na kuandika nyumbani. Aliyeandika 1.82 aliandika akiwa nyumbani, na hakuwa ameuona mto.

*

Atuganile, mjane wa Asukile, alikuwa anageuza kokoa kwenye jamvi mbele ya nyumba. Alivaa nguo nyeusi. Alimkaribisha mgeni kigoda kabla hata ya kujua shida yake.

"Ugonile, juba," Faustina alimwamkia kama mama yake, na Kinyakyusa chake kiliishia hapohapo.

"Ndaga, mwanangu. Mhehe naye kajifunza! Umekula? Leo mbwa hatuna, kuna ndizi tu."

Walicheka wote wawili, maana Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa, na Faustina akala ndizi moja kwa heshima ya utani. Kisha akaweka nakala ya kitabu juu ya goti.

"Mama, huu mwandiko wa Alhamisi ni wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Mume wako Alhamisi alikuwa majini."

Mikono ya Atuganile iliacha kokoa. Kuku mmoja akapanda jamvini, hakufukuzwa.

"Alikuwa na tabia ya kulala hukohuko kwenye mikesha ya misiba," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nilirudi kutoka msibani saa mbili kuchukua sufuria. Yeye hayupo, kitabu kiko juu ya meza, Alhamisi haijajazwa. Nikasema huyu pombe imemlaza kwa watu. Miaka minne nyuma aliruka siku moja tu, yale magari yakaja, wakamsema hapa uani, watoto wake wanatazama. Mtu mzima! Hakula siku mbili kwa aibu. Basi nikachukua kalamu. Mwandiko wake naujua, barua zake zote tangu uchumba ninazo. Nikaandika ya jana. Mto ungebadilika nini kwa usiku mmoja?"

Faustina alisogeza kigoda karibu. Alimhurumia mama huyu. Alitoa karatasi ya maelezo na kalamu.

"Niambie hivyohivyo, niandike, utie sahihi. Hakuna atakayekushtaki."

Atuganile aliitazama kalamu, kisha akatazama kaburi lenye saruji mpya kando ya migomba.

"Yule Msukuma atatoka?"

"Kama mto ulijaa, hana kosa."

"Nani kakwambia? Hata mto ukijaa mtu husukumwa." Alimfukuza yule kuku jamvini. "Nikitia sahihi watasema marehemu alikuwa mwongo, kitabu chake kimepikwa, mkewe ndiye mpishi. Hapo kaburini anajitetea vipi? Hapana, mwanangu. Marehemu hatukanwi. Mimi sijaandika kitu. Huo ni mwandiko wa mume wangu."

"Mama, umeniambia sasa hivi."

"Nimekwambia tumekula ndizi. Ukiniita mahakamani nitasema tulikula ndizi."

Faustina alibembeleza, akatisha kidogo, akabembeleza tena. Alimweleza kwamba Makoye ana watoto watano. Atuganile alisema wake ni wanne na hawana baba. Baada ya hapo alirudi kwenye kokoa yake, na kila punje aligeuza kwa uangalifu mkubwa mpaka mgeni akaaga.

Haidhuru, Faustina alijiambia akishuka kwenda barabarani. Kitabu cha Mika kipo, na barua ipo.

*

Ofisi ya Mpango wa Pamoja ilikuwa ghorofa ya pili, mtaa wa Mwanjelwa mjini Mbeya, juu ya duka la magodoro. Ndani kila kitu kilikuwa viwiliviwili: bendera mbili, kalenda mbili, meza mbili zinazotazamana. Meza moja ilikuwa tupu, kwani mhandisi wa Malawi huja Jumatano tu. Kwenye nyingine alikaa Injinia Esnath, mwanamke mpole mwenye miwani, aliyemmiminia mgeni chai kabla ya salamu kuisha.

"Barua yako hii hapa. Samahani kwa kuchelewa, lazima sahihi mbili."

Faustina aliifungua na kusoma. *Kina cha Mto Lusungwa katika kituo tajwa, saa kumi na mbili asubuhi, kilikuwa mita moja na sentimita themanini na mbili. Hali ya mto: tulivu.*

Aliisoma tena kuanzia juu, pamoja na anuani.

"Hii siyo," alisema. "Msoma mto wa Malawi aliandika nne na sitini."

"Ni kweli." Esnath hakushtuka. "Aliandika. Nilikiona mwenyewe."

"Sasa?"

"Sasa kuna kanuni, dada yangu. Vitabu viwili vikitofautiana kupita sentimita thelathini, tunatazama siku iliyotangulia. Inayofuatana nayo ndiyo inapita, nyingine tunaifuta kama kosa la kusoma. Ya kwenu ilifuatana na Jumatano. Ya wenzetu iliruka karibu mita tatu kwa usiku mmoja, wakati kwa miaka mitatu hawa wawili hawajawahi kupishana hata sentimita. Ungekuwa wewe ungeamini ipi?"

"Aliyeandika ya kwetu hakuuona mto. Ni mke wa marehemu."

"Ametia sahihi?"

Faustina alikunywa chai. Ilikuwa moto mno, akaimeza hivyohivyo.

"Nipe kitabu cha Mika, basi. Karatasi yenyewe. Nitapeleka hiyo."

Esnath alivua miwani. Uso wake ulionyesha kwamba swali hili alilitegemea, na kwamba usiku uliopita hakulala vizuri kwa ajili yake.

"Vitabu vya mkono vinachomwa baada ya kupatanishwa. Vyote, vya kwao na vya kwetu. Nyie mnacho kile cha Machi kwa sababu mlikikamata kama kielelezo kabla hakijafika hapa, sisi tukaletewa nakala. Walikubaliana hivyo wakubwa, ili siku za mbele isitokee nchi moja ikatoa kitabu chake kabatini na kuanzisha ugomvi. Inabaki namba moja, ya nchi mbili."

"Mmechoma ushahidi wa kesi ya mauaji."

"Tulichoma Aprili. Barua yako ilikuja Mei." Alisema bila ukali. "Na jedwali la namba hizo limeshatiwa sahihi na pande zote. Nikigusa mstari mmoja, wenzetu watauliza je, mingine mingapi ni ya uongo? Urefu wa bwawa umepigiwa hesabu kwa jedwali hili. Vijiji arobaini vimepangwa kwa jedwali hili. Mimi mwenyewe siwezi kulibadilisha, wala mkubwa wangu. Linabadilishwa na kikao cha nchi zote mbili, na kikao ni Novemba, kama wakikubali kuliingiza kwenye ajenda."

"Mtu anaweza kunyongwa, Esnath."

"Najua," Esnath alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nitaandika ombi. Leo hii nitaandika. Lakini sitakudanganya."

Faustina aliisukuma barua juu ya meza. "Basi ichukue. Sijaiomba. Ifute."

"Nakala ya Wakili wa Serikali ilikwenda jana kwa mkono. Ndivyo ulivyoelekeza."

Simu ililia kabla hajafika mlangoni. Alikuwa Shedrack, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata usingizi mzuri.

"Inspekta! Nimeisoma karatasi ya bonde. Nikwambie ukweli, yule wakili wa Makoye alikuwa ananisumbua na hayo mafuriko yake, na mimi sikuwa na kitu cha kumjibu. Sasa ninacho. Serikali mbili zimesaini kwamba mto ulikuwa tulivu! Kazi nzuri sana."

"Mheshimiwa wakili, namba hiyo ina kasoro. Naandika maelezo yangu."

"Andika. Shahidi wako ni nani?"

"Msoma mto wa Malawi."

"Amesaini?"

"Hapana."

"Mwingine?"

"Mjane."

"Amesaini?"

Kwenye simu alisikia Shedrack akifunua kurasa, anasubiri kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jalada lililokamilika, na jalada hilo Faustina ndiye aliyelikamilisha. Asingeandika ile barua yake ya Mei, leo kingekuwa kinywa cha Makoye dhidi ya vinywa vya kijiji, na shaka hiyo ingeweza kumtoa. Alikuwa amehangaika miezi mitatu kumtafutia mtu mlango, na mlango uliokuwa wazi ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, kwa mhuri.

"Hapana," alisema. "Hajasaini."

"Basi Ijumaa tunapeleka jalada. Pumzika kidogo, umechoka."

Alishuka ngazi polepole, bahasha mkononi. Chini, kati ya magodoro na mikokoteni ya viazi, alisimama Yunisi. Leo hakukaa getini kwa polisi. Kuna aliyemwambia kwamba karatasi ya mto inatoka leo, akaja mwenyewe na khanga yake safi, amejipaka mafuta usoni.

"Mama Inspekta," alisema. "Wanasema karatasi. Imetoka?"

"Imetoka," Faustina alisema, na alikuwa anavuta pumzi ili aendelee.

Yunisi hakungoja. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi la Mwanjelwa, wenye mikokoteni wakalazimika kumzunguka, akapiga makofi taratibu kama wanavyoshukuru kwao. "Wabeja, mama. Wabeja sana." Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. Kabla Faustina hajamshika mkono kumwinua, alikuwa ameshafungua fundo la khanga, ametoa simu, amepiga. Aliongea Kisukuma kwa kasi, kwa sauti ya juu, na ng'ambo ya simu zilisikika sauti za watoto, wengi, wanapokonyana simu.

Faustina alisimama na bahasha, akasubiri amalize kuongea.